Nasali, nafunga, sisikii kitu: nifanyeje nimkaribie Mungu?

Swali: "Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni muuguzi, nina miaka 36, mama wa watoto wawili. Nilipata Kipaimara katika kanisa la Kilutheri, kisha nikaokoka kwenye mkutano wa injili nikiwa chuoni. Siku zile nilikuwa nawaka. Naamka saa tisa usiku kuomba bila mtu kuniamsha, nasoma Neno hadi nasahau kula. Sasa ni kama mwaka na nusu nimekauka. Nasali ni kama naongea na ukuta. Nimefunga, nimekesha, nimekwenda hadi kwa mtumishi mmoja akaniambia nina kifungo cha ukoo upande wa mama. Nikatoa sadaka ya kukivunja na kununua mafuta ya upako. Hakuna kilichobadilika. Kazini zamu za usiku zimezidi kwa sababu tuko wachache. Nyumbani ni salama, isipokuwa mimi na dada yangu hatuongei tangu msiba wa baba kwa ajili ya kiwanja, lakini hilo ni la kifamilia. Kwenye kikundi chetu cha maombi wenzangu wananena kwa lugha na kulia, mimi nafumba macho nikisubiri waishe. Lakini namtaka Mungu. Namtaka kuliko kitu chochote. Nimekosea wapi? Na je, nihame kanisa nikatafute mahali penye moto?"

Jibu: Amina, dada. Katika yote uliyoandika, sentensi niliyoirudia kuisoma ni ile fupi ya karibu na mwisho: "Namtaka kuliko kitu chochote." Umeiweka pale kama mtu anayejitetea, baada ya kuorodhesha kila kilichoshindikana. Mimi naanzia hapo.

Ulipokuwa darasa la Kipaimara ulikariri Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, ile aliyoitoa mwaka 1529. Rudi kwenye sehemu ya tatu ya Imani, maelezo juu ya Roho Mtakatifu. Unakumbuka inavyoanza? Mkristo anakiri kwamba kwa akili yake na kwa nguvu zake hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia. Roho Mtakatifu ndiye aliyemwita kwa Injili. Watoto wetu huyasema maneno hayo haraka haraka mbele ya mchungaji ili wafaulu, na wengi hawayafikirii tena maishani. Yafikirie wewe leo. Kama huwezi kumjia Kristo kwa nguvu zako, basi hata hamu ya kumjia hukuitengeneza mwenyewe. Yesu alisema hivyo waziwazi: "Hakuna mtu awezaye kuja kwangu, asipovutwa na Baba aliyenipeleka" (Yohana 6:44). Kiu inayokusumbua, inayokufanya uniandikie barua ndefu baada ya zamu ya usiku, ni mkono wa Baba unaokuvuta. Unauliza Mungu yuko wapi, na wakati huo huo yeye ndiye anayeuliza swali hilo ndani yako.

Sisemi hivi kukutuliza tu. Nasema kwa sababu njia yote ya kumtafuta Mungu hubadilika kulingana na mtu anaanzia wapi. Ukidhani Mungu yuko mbali na amenuna, kila sala inakuwa jitihada ya kumlainisha: funga zaidi, kesha zaidi, toa zaidi. Ukijua kwamba ndiye aliyekutangulia kukutafuta, sala inakuwa kumjibu. Soma Zaburi ya 42. Huyu mtu anasema nafsi yake inamwonea Mungu shauku "kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji", na katika aya inayofuata kidogo tu machozi ndiyo chakula chake mchana na usiku, huku watu wakimuuliza, "Yuko wapi Mungu wako?" Shauku na ukavu vimekaa katika kifua kimoja, katika zaburi moja, na Kanisa likaiweka zaburi hiyo katika kitabu cha sala. Hakuna aliyemwambia mtunzi wake kwamba ana kifungo.

Basi na hilo la kifungo tulimalize mapema, maana linaniuma. Mtu aliyekuuzia mafuta na kukutoza sadaka ili akuvunjie laana ya ukoo wa mama yako alikufanyia ubaya, hata kama alifanya kwa sauti ya upole na Biblia mkononi. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wagalatia 3:13 inasema Kristo alitukomboa katika laana kwa kufanywa laana kwa ajili yetu, tena msalabani, si kwenye foleni ya kulipia. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili auziwe uwezo wa Roho Mtakatifu, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali" (Matendo 8:20). Mitume walikataa pesa ya namna hiyo. Anayeipokea leo hana desturi ya mitume. Usirudi kule, na usijilaumu kwa kwenda. Mwenye kiu kali hunywa popote. Hayo mafuta yaliyobaki, kama ni mafuta ya kupikia, pikia.

Sasa ukavu wenyewe. Walimu wa sala wa zamani hawakuuchukulia ukavu wote kuwa wa aina moja. Ignatius wa Loyola, padre Mkatoliki aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, ambaye aliyajaribu mambo haya katika nafsi yake pale Manresa, Hispania, kuanzia mwaka 1522, aliandika kwamba hali ya ukiwa wa rohoni inaweza kutokana na uzembe wetu, au ikawa jaribu la kutuonyesha tutamtumikia Mungu kiasi gani bila posho ya faraja, au ikatufundisha kwamba faraja ni zawadi ambayo hatuwezi kujipatia wenyewe. Kwa barua yako mimi naona mambo matatu yamejifunga pamoja, na la kwanza Ignatius hakulitaja katika orodha hiyo: mwili wako umechoka.

Muuguzi wa zamu za usiku, mwenye watoto wawili, anayeongeza mfungo na mkesha juu ya hayo yote. Dada, unalala saa ngapi? Eliya, baada ya moto kushuka Karmeli, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Angalia Mungu alivyomhudumia katika 1 Wafalme 19. Hakumhubiria. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili akamwambia ale, maana safari ile ilikuwa kubwa mno kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu tunayoihubiri sana ilikuja baadaye kabisa, Horebu, baada ya usingizi na milo miwili na safari ya siku arobaini. Watu wengi tunataka sauti na kuruka usingizi. Kwa hiyo agizo langu la kwanza kwako ni hili, nalitoa kama mchungaji: kwa sasa acha kufunga na acha mikesha ya hiari. Siku unazotoka zamu, lala. Usingizi huo upokee kama mkate wa Eliya.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa afya, nitakuuliza kile ambacho ungemuuliza mgonjwa wako. Je, ukavu huu uko kwenye sala tu, au hata watoto hawakufurahishi tena, chakula hakina ladha, usingizi hauji hata siku za mapumziko, na mawazo ya kufa yanapita kichwani? Kama ni hivyo, na hali imeshikilia kwa wiki mbili au zaidi, unajua inaitwa sonona na unajua mlango wa kugonga. Mungu aliyemtumia Eliya malaika anaweza kukutumia daktari. Muumini anayetibiwa sonona hajapungukiwa imani.

Jambo la pili umeliandika halafu ukalifukia haraka: "hilo ni la kifamilia." Hapana. Hilo ndilo ninalotaka tukae nalo.

Unajua historia ya uamsho wa Afrika Mashariki, angalau kwa nyimbo zake. Hakuna mkutano wa ndugu wa uamsho usioimba wimbo wa Tukutendereza. Uamsho ule uliwaka katika mahali unapopafahamu vizuri kuliko wengi wetu, nao ni hospitali. Gahini, mashariki mwa Rwanda, juu ya ziwa Muhazi, palikuwa na kituo cha misheni ya Kianglikana, na daktari wake kijana alikuwa Mwingereza Joe Church, aliyefika mwaka 1928 na kukutana na njaa kubwa iliyoua watu wengi. Mwaka uliofuata alikuwa amechoka, amekauka, anakaribia kuvunjika. Mnamo Septemba 1929 alikwenda Kampala, na pale kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, aliyekuwa na njaa ile ile ya Mungu. Wakakaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia juu ya Roho Mtakatifu na kuomba. Daktari akarudi kazini akiwa mtu mwingine.

Lakini hospitali haikubadilika siku hiyo. Pale Gahini palikuwa na mkuu wa wahudumu, Yosiya Kinuka, aliyekuwa na kinyongo: hakupatana na daktari, na hali ya kazi ilimchukiza. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 alisafiri hadi Kampala kumwona Nsibambi, akamweleza yote yasiyokwenda sawa hospitalini. Nsibambi hakumpa pole aliyoitarajia. Alimwonyesha kwamba shida anayoieleza inakaa moyoni mwake yeye Kinuka. Kinuka aliondoka na neno hilo, na njiani kurudi likamshinda, akatubu. Watu wa Gahini waliona wazi kwamba aliyerejea si yule aliyeondoka. Kuanzia hapo, yeye, na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, na daktari, na wengine, walianza kuambiana ukweli, kuombana msamaha, mweusi kwa mweupe, mkubwa kwa mdogo, jambo ambalo katika enzi za ukoloni halikuwa na mfano. Ndugu wa uamsho waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Moto ule ulivuka hadi Uganda, ukaingia Bukoba, ukafika Kabete nchini Kenya mwaka 1937.

Unauliza mahali penye moto. Huo hapo, na uliwakia kwenye msamaha kati ya wafanyakazi wa hospitali moja.

Kwa hiyo kiwanja. Sijui nani ana haki, wewe au dada yako, na sikuambii umpe kiwanja. Haki ya mirathi ina mahali pake, kuna baraza la ukoo na kuna mahakama, na kusamehe hakumaanishi kuachia mali ya watoto wako. Ninachokuambia ni cha Bwana mwenyewe katika Mathayo 5:23 na 24: ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda ukapatane kwanza. Angalia, hasemi ukikumbuka wewe una neno juu yake. Anasema yeye ana neno juu yako. Dada yako ana neno juu yako, na wewe umeendelea kuleta sadaka, na kuongeza sadaka, na kununua mafuta, na madhabahu imekaa kimya. Sithubutu kusema kwamba hicho ndicho chanzo pekee. Ila nimekaa na watu wengi walioniletea maneno kama yako, na mara nyingi mno nyuma ya "sala haipandi" kulikuwa na simu isiyopigwa.

Ipige. Usiiandae hotuba. Usianze na kiwanja, wala usimwambie kwamba Mungu amekutuma, maana hilo litamfanya ajihisi anahukumiwa. Sema: "Dada, shikamoo. Nimekukumbuka. Tangu msiba wa baba nimekaa kimya na nimekukosea kwa kukaa kimya. Naomba unisamehe." Halafu nyamaza umsikilize. Kama ni mdogo wako, acha shikamoo, lakini maneno mengine yabaki yale yale. Akikata simu, umefanya sehemu yako. Jaribu tena baada ya muda kupitia shangazi au mtu mzima anayeheshimiwa na nyote wawili. Na hapa niseme kitu ambacho ndugu wa uamsho wenyewe walijifunza kwa gharama: toba haihitaji kutangazwa kwa watu wasiohusika. Kosa la wawili litubiwe na wawili. Usilipeleke kwenye kikundi cha maombi kama ushuhuda kabla dada yako hajalisikia.

La tatu ni gumu kulieleza, nalo linaweza kubaki hata baada ya kulala na kupatana. Kuna ukavu ambao hautokani na kosa lolote. Yohane wa Msalaba, mtawa Mkarmeli wa Hispania, aliufahamu: mwishoni mwa mwaka 1577 watawa wenzake waliopinga mageuzi ya shirika lao walimfunga Toledo katika kijumba cha giza, akakaa humo hadi Agosti 1578 alipotoroka, na baadhi ya mashairi yake makuu ya kumpenda Mungu yalizaliwa mle gerezani. Alieleza dalili za kutofautisha giza linalotoka kwa Mungu na baridi ya mtu aliyerudi nyuma. Mtu wa giza hilo haoni ladha katika mambo ya Mungu, lakini haoni ladha hata katika mambo mengine. Hajahamishia mapenzi kwingine. Hawezi tena kutafakari kwa namna aliyozoea. Na dalili inayokuhusu wewe zaidi: ana wasiwasi wa kweli kwamba hamtumikii Mungu, na unamuuma. Aliyepoa kweli hasumbuki kuwa amepoa. Hakeshi, haandiki barua.

Mama Teresa wa Calcutta aliishi katika giza la namna hiyo kwa karibu nusu karne, tangu alipoanza kuwahudumia maskini hadi alipofariki mwaka 1997, na dunia ilijua undani wake barua zake zilipochapishwa mwaka 2007. Teresa wa Avila, mwalimu mkubwa wa sala, alikiri kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akisikilizia saa igonge ili muda wa sala uishe. Wewe kwenye kikundi unafumba macho ukisubiri wenzako waishe. Uko na watu wa maana. Na Zaburi ya 88, isome yote: inaishia gizani, neno la mwisho ni giza, hakuna hata mstari mmoja wa kushangilia kama zaburi nyingine zinavyogeuka. Lakini kila mstari unamwambia Mungu. Huyo mtu hakuacha kusema "Bwana".

Kwa nini Mungu aruhusu hivyo? Walimu hawa wanajibu kwamba mwanzoni Mungu huwapa watoto wake utamu mwingi ili wampende, halafu huupunguza ili wampende yeye. Nakubaliana nao, ila kwa tahadhari, kwa sababu jibu hilo likitolewa haraka linageuka kisingizio cha kutomsikiliza aliyeumia. Jipime mwenyewe kwa utulivu: zile saa tisa za usiku ulizokuwa unawaka, ulikuwa unamfuata Kristo au ulikuwa pia unafuata kule kuwaka? Kwa wengi wetu vyote viwili vilichanganyika, wala si dhambi. Sasa vinatenganishwa.

Lugha nitaisema kwa ufupi. Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 12:30, "Wote wanena kwa lugha?" na jibu analolitarajia ni hapana. Karama ni za Roho kugawa apendavyo. Machozi pia hayapimi kitu. Wafurahie wenzako, usijilinganishe nao.

Sasa unisikilize kuhusu sala ya kila siku, kwa sababu huwezi kuishi kwa maelezo tu. Mwaka 1535 Luther aliombwa na kinyozi wake wa Wittenberg, Peter Beskendorf, kwamba amfundishe kusali. Profesa yule, aliyekuwa na kazi za Ulaya nzima mezani, alimwandikia kinyozi kijitabu kizima. Humo anakiri kwamba hata yeye hupoa, hukosa hamu ya sala kwa sababu ya shughuli na mawazo, na kwamba akiona hivyo huchukua kitabu chake cha Zaburi na kwenda chumbani. Anamkumbusha Peter kwamba kinyozi mzuri huweka macho na akili kwenye wembe na nywele. Akipiga soga huku ananyoa, atamkata mtu pua au koo. Wewe unapovuta dawa kwenye sindano unajua umakini huo. Sala inaomba umakini wa namna hiyo, kwa muda mfupi.

Njia aliyompa ni hii: chukua kipande kidogo cha Neno, amri moja au ombi moja la Baba Yetu, ukisokote kwa nyuzi nne. Kwanza, kinanifundisha nini? Pili, nishukuru nini hapa? Tatu, nitubu nini? Nne, niombe nini? Nitakuonyesha kwa Zaburi 23:1, asubuhi, umetoka zamu, umekaa kitandani kabla ya kulala, simu imezimwa.

"Bwana ndiye mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu." Bwana, unaniambia kwamba nina wa kunichunga. Usiku kucha nimechunga wodi nzima, kumbe na mimi nilikuwa nachungwa. Asante kwamba mama wa kitanda cha sita amefika asubuhi. Asante kwa mwenzangu aliyewahi kunipokea zamu. Nisamehe nilivyomfokea yule ndugu wa mgonjwa saa nane usiku. Alikuwa na hofu tu. Nisamehe kwamba mwaka huu nimeishi kama yatima, nikitafuta watu wa kunifikisha kwako kwa malipo. Nipe kuamini kwamba wewe ni mchungaji wangu, leo, hata kama sisikii. Mchunge na dada yangu. Amina.

Basi. Dakika tano, pengine kumi. Ukimaliza, kaa kidogo bila kusema kitu, kisha lala. Kesho chukua mstari unaofuata. Zaburi ya 23 peke yake itakupeleka wiki nzima. Luther anaongeza jambo ambalo nalipenda sana: ikitokea katikati ya nyuzi hizo Roho Mtakatifu mwenyewe akaanza kukuhubiria moyoni, achia zile nyuzi nyingine, nyamaza, msikilize. Asipohubiri, maliza sala yako kwa uaminifu. Siku ambayo huna neno hata moja, sema Baba Yetu taratibu ukijua kwamba "Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa" (Warumi 8:26), na wewe umesikia kuugua kwingi wodini kiasi cha kuelewa kwamba kunaweza kuwa ndiyo lugha pekee iliyobaki kwa mtu.

Tena, usidhani Mungu anakusubiri chumbani tu. Yesu alisema, "nalikuwa mgonjwa, mkaja kunitazama" (Mathayo 25:36). Aliowaambia hivyo walishangaa. Hawakuwa wamesikia chochote cha ajabu walipokuwa wanamhudumia, hawakujua hata kwamba ni yeye. Mwaka na nusu unaouita mkavu umemgeuza Bwana kitandani asipate vidonda vya mgongo, umembadilishia shuka, umemshika mkono akikata roho. Huko ndiko ulikokuwa karibu naye bila kujua. Jaribu zamu ijayo: kabla ya kumgusa mgonjwa wa kwanza, sema kimoyomoyo, "Bwana, ni wewe." Mara moja tu kwa zamu inatosha kuanzia.

Na Meza ya Bwana usiiache. Siku kanisani kwenu kuna Chakula cha Bwana, nenda hata kama moyo ni jiwe. Pale ahadi iko katika neno lake, "kwa ajili yenu", na mkate unawekwa mkononi mwako wewe, bila kuulizwa unasikia nini.

Umeuliza kama uhame kanisa. Ignatius alitoa kanuni ambayo nimeiona ikiwaokoa watu: wakati wa ukiwa wa rohoni usibadili uamuzi uliouweka ulipokuwa na utulivu. Hali hiyo ya ukiwa ni mshauri mbaya, humwambia mtu kwamba shida iko mahali alipo. Kwa hiyo usihame sasa. Mtafute kwanza mama mmoja mtu mzima katika usharika wenu, ambaye maisha yake ya sala unayaamini kwa miaka mingi kuliko kwa sauti yake, umwombe muwe mnakutana mara moja kwa mwezi, umweleze kama ulivyonieleza mimi, ikiwemo habari ya kiwanja. Lala. Piga simu. Soma Zaburi yako. Ikifika Pasaka ijayo, ukiwa umepumzika na umejaribu kupatana na dada yako, kama bado unaona pale huhubiriwi Kristo, nenda kwa mchungaji wako umwambie hivyo uso kwa uso, na kama ni kuondoka, ondoka ukiwa umeagwa na umeombewa.